Breki za V: nyuma raba moja inagusa ringi, mbele zinapiga kelele

kuchele_pedeli
Wakuu, naomba msaada. Baiskeli ya gia, ringi za alumini, breki za V (zile za mikono miwili inayobana ringi kwa pembeni). Nyuma raba ya kushoto inagusa ringi muda wote, ya kulia iko mbali. Nimekaza waya, ndiyo kwanza imezidi. Mbele raba ni mpya, zinashika vizuri ila zinalia mpaka watu wanapisha bila kengele. Nipo Mikindani, nina bisibisi ya nyota, spana za L na plaizi. Nianzie wapi?

fundi_Magomeni
Mkuu, legeza huo waya uliokaza. Waya unavuta mikono yote miwili ya breki kwa pamoja, hauwezi kusogeza upande mmoja.

Pindua baiskeli, zungusha gurudumu la nyuma, kodolea macho nafasi kati ya raba na ringi. Ikiwa inapanuka na kubana kila mzunguko, ringi imepinda, hiyo ni kazi ya spoku, usihangaike na breki. Ikiwa haibadiliki, tazama kama gurudumu limekaa katikati ya fremu. Mara nyingi limewekwa upande baada ya kuziba pancha. Legeza nati za ekseli, lisukume lifike mwisho pande zote mbili, kaza.

Bado inagusa? Chini ya kila mkono, ubavuni, kuna skrubu ndogo ya nyota. Inakaza springi. Ya kushoto izungushe kulia nusu mzunguko, bana breki mara tano sita, angalia tena. Mkono utajitenga na ringi. Ikiwa imeshafika mwisho, legeza ya kulia badala yake. Lengo ni milimita 1 hadi 2 kila upande, yaani unene wa kadi mbili za benki zilizobebana. Hapo ndipo unarudi kwenye waya.

chumvi_ya_pwani
Naongezea kwa wa huku baharini. Skrubu isipoleta tofauti yoyote, usiendelee kuizungusha. Chomoa kile kibomba kilichopinda kinachoshika waya juu ya mikono, halafu usukume mkono wa kushoto kwa kidole na kuuachia. Ukiruka nje haraka, springi iko sawa. Ukirudi kwa uvivu, kutu imeshika pale unapozungukia.

Fungua bolti ya chini (L namba 5 kwa nyingi), vuta mkono utoke. Utaona matundu matatu ya ncha ya springi: weka la katikati pande zote mbili. Kushoto likiwa la juu na kulia la chini, hutasawazisha mpaka kesho. Sugua kijiti cha fremu kinachobeba mkono kwa msasa laini, paka grisi nyembamba, rudisha. Grisi ikigusa raba, hiyo raba tupa.

fundi_Magomeni
Sawa kabisa. Na waya wenyewe: ukiona uzi mmoja umekatika pale bolti inapoubana, badilisha wote. Omba waya wa breki, wenye kichwa kinene cha pipa. Wa gia ni mwembamba zaidi, usikubali kupewa huo.

Newala_mteremko
Kuhusu kelele. Raba yote ikigusa ringi kwa mara moja inashika na kuachia haraka haraka, mkono unatetemeka, ndiyo sauti hiyo. Ncha ya mbele inatakiwa iguse kwanza.

Osha ringi kwa maji ya sabuni, kausha, malizia kwa spiriti. Mafuta ya taa hapana, yanaacha utelezi. Toa raba uitazame juani: ukiona vipunje vinang'aa, ni alumini ya ringi yako. Vichokonoe kwa sindano, kisha kwaruza uso kwa msasa. Wakati wa kurudisha, kata kipande cha boksi la dawa ya meno, kibane kati ya ringi na mwisho wa nyuma wa raba. Bana kishikio, kaza bolti ya raba ukiwa umebana, toa kipande. Nyuma ibaki na mwanya wa kama milimita 1, isizidi.

Urefu nao: raba yote ikae juu ya ukanda wa ringi. Ikipanda inachana tairi. Kadiri inavyolika inashuka kuelekea spoku, kwa hiyo irudie kuitazama. Anayeshuka kutoka Newala kwenda Masasi na raba iliyoliwa hadi mistari yake imefutika anatafuta makubwa.

Zile washa za bakuli kwenye bolti ya raba, nene na nyembamba, zipange sawa kushoto na kulia. Zikichanganywa, upande mmoja unakuwa karibu na ringi.

kuchele_pedeli
Nyuma imekaa, ilikuwa matundu ya springi kweli. Mbele kimya, isipokuwa ringi ikilowa bado inalia kidogo.

Newala_mteremko
Ikilowa ni kawaida, mizunguko ya kwanza inafuta maji. Anza kubana mapema tu. Ikiendelea baada ya kukauka, shika mkono wa mbele uutikise: ukicheza, kaza bolti ya chini.

Phoenix_ya_babu
Na sisi wa breki za vyuma?

fundi_Magomeni
Hizo raba zinabana ringi kwa ndani, upande wa spoku. Fungua uzi mpya mkuu, hapa tutachanganya watu.