Besi uliyouza ukaijutia: Precision, Jazz au nyuzi tano?

Besi_Mwanjelwa (Mbeya)
Wakuu, poleni na baridi. Nataka kununua gitaa la besi kabla msimu wa makongamano haujaanza. Sitaki kuuliza ipi nzuri, maana kila mtu atasifia aliyonayo. Nauliza hivi: kati ya zile mlizowahi kuuza, ipi mpaka leo inawauma?

Mimi niliuza Yamaha ya nyuzi nne, mtindo wa Precision (aina ya besi ya Fender), ikalipa ada ya mdogo wangu. Niliitoa kwa laki tatu na nusu. Aliyenayo yuko Tukuyu, yuko tayari kunirudishia, ila anataka laki saba. Kwa hela hiyohiyo kuna Jazz (aina nyingine ya Fender) ya mtumba hapa Kabwe, na kuna duka Kariakoo wana nyuzi tano mpya ya betri, wanaipakia kwenye basi. Napiga kanisani zaidi, harusi mojamoja.

Kihesa_Chini (Iringa)
Kamwene! Mimi inayoniuma ni Jazz. Shingo yake pale juu inakopita nyuzi ina upana wa kama milimita 38 tu, wakati Precision nyingi zinaanzia 41 na kuendelea. Kwa mtu wa vidole vifupi kama mimi hiyo tofauti ni kubwa. Halafu sumaku ya nyuma (sumaku ndizo zinazodaka sauti ya nyuzi), ile iliyo karibu na daraja: ukiifungulia peke yake kwenye sebene, kila noti inasikika hata gitaa mbili zikiwa zinakimbizana juu yako. Niliyonayo sasa ni Precision. Sauti yake nene, sikatai, ila kwenye sebene inazama.

Fundi_Soweto (Mbeya)
Kihesa, kweli kabisa, ila umwambie na upande wa pili. Hizo sumaku mbili za Jazz ukizifungua sawasawa zinafutiana mvumo wa umeme. Ukifunga moja, ukabaki na ile ya nyuma unayoisifia, mvumo unarudi. Sasa mpeleke kwenye kanisa ambalo umeme haujafungwa waya wa ardhi, taa za mirija zinawaka, spika ziko karibu na swichi. Mchungaji akianza maombi ya kimyakimya, besi nayo inaomba.

Precision ya kwanza ilitoka 1951, lakini hii tunayoifahamu, yenye sumaku iliyokatwa vipande viwili, ni ya 1957. Vipande hivyo vimezungushwa waya kinyume, kwa hiyo mvumo unajifuta wenyewe bila wewe kugusa kitu. Kitasa kimoja cha sauti, kimoja cha toni, basi. Wengi wanaokuja kwangu wakilalamikia besi waliyouza, ukiwauliza vizuri, ni ya aina hiyo. Wakati wanaiuza waliiona ya kishamba, haina vitasa vingi.

DadaBesi_Njombe
Kaka Mwanjelwa, shikamoo kwanza kwa Fundi, ulinitengenezea freti, vile vyuma vya shingoni, mwaka juzi.

Mimi niliuza nyuzi tano na ninaitaka tena. Mpiga kinanda wetu hana funguo nyingine zaidi ya Eb na Db. Kwenye nyuzi nne noti ya chini kabisa ni E, kwa hiyo Eb unalazimika kuipiga juu, na wimbo unapoteza uzito pale kwaya inapofunga beti. Nyuzi tano unashuka tu, unakaa.

Besi_Mwanjelwa
Dada, na spika zenu zinaibeba hiyo B, noti ya uzi wa tano?

DadaBesi_Njombe
Hapo umenibana. Tukiwa na mfumo wa kukodi, ndiyo. Kwenye amplifaya yetu ya kanisani unasikia tu kama mtu anagonga mlango chumba cha pili.

Fundi_Soweto
Si ajabu. E ya chini ni kama hezi 41, B ni hezi 31. Spika moja ya inchi 10 kwenye kasha dogo haikupi 31, unachosikia ni vivuli vya juu vya noti hiyo, si noti yenyewe. Ukilazimisha unachana koni. Kabla ya kununua nyuzi ya tano, angalia spika.

Na hiyo ya betri: waya ukiwa umechomekwa kwenye gitaa, betri ya volti 9 inaliwa, hata kama hupigi. Watu wanamaliza ibada, wanaacha waya umechomekwa hadi Jumapili nyingine, kisha wanasema gitaa bovu. Kuwa na betri ya akiba kwenye mkoba, ndogo tu.

Uyole_Mtazamaji
Nyie mnalia na Tukuyu, Paul McCartney wa Beatles alikaa na uchungu tangu 1972! Besi yake ya Höfner aliyoinunua Hamburg 1961 iliibiwa London ndani ya gari, akaja kuipata tena, habari zikatangazwa 2024. Laki saba lipa tu, ndugu yangu, Tukuyu ni nauli ndogo.

Kihesa_Chini
Na Jaco Pastorius, yule mpiga besi wa Marekani, je? Jazz yake ya 1962, isiyo na freti, iliibiwa New York 1986. Yeye akafa 1987 hajaiona. Ilipopatikana, Robert Trujillo wa Metallica ndiye aliyesaidia familia kuirudisha. Mwanjelwa, Jazz!

Besi_Mwanjelwa
Haya. Nyuzi tano nimeitoa, spika zetu ni ndogo kuliko za Njombe. Zimebaki mbili. Fundi, ya Tukuyu imekaa kwenye mvua ile miaka yote, nikague nini?

Fundi_Soweto
Shingo kwanza. Bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ile ya mwisho kwa wakati mmoja, tazama nafasi katikati, freti ya saba hivi. Karatasi nene ipite kwa shida, hapo ni sawa. Ukiona nafasi kubwa, unyevu umeivuta, chuma cha ndani ya shingo kitairudisha: robo mzunguko, acha ilale, pima tena. Nati ya chuma hicho ikiwa imekwama au imeliwa, usitoe hata laki nne. Ya Kabwe ni kinyume. Kiangazi hiki mbao zimekauka, pitisha kiganja pembeni mwa shingo. Ncha za freti zikikukwaruza, hizo nazichonga, si kasoro ya kuogopa. Mpunguzie bei kwa hilo.

Kusikiliza: nenda Kabwe na amplifaya yako mwenyewe, usipigie ya muuzaji.

Besi_Mwanjelwa
Jumamosi naanzia Kabwe. Mvumo ukinikera, napanda Hiace ya Tukuyu, na sizidi laki tano na nusu.

Kihesa_Chini
Ukiiacha ya Kabwe niambie mapema, usiseme kwanza huko kwenye magrupu.