Kuondoa ukoloni katika masomo ya Kislavi: washairi wa Kiyidi wamewekwa wapi?

MLETA MADA

Wakuu, naomba tulijadili hili kwa hoja.

Tangu Urusi iivamie Ukraini kwa majeshi yake yote Februari 2022, idara za masomo ya Kislavi (lugha na fasihi za Warusi, Waukraini, Wapolandi na jamaa zao) huko Marekani na Ulaya zinajihoji. Kwa miongo mingi mwanafunzi aliyeingia humo alikutana na Kirusi, Pushkin na Tolstoy, na mataifa mengine yote yakawa kama kiambatisho. Mwaka 2023 ASEEES, chama kikubwa cha wataalamu wa eneo hilo nchini Marekani, kiliuita mkutano wake mkuu wa Philadelphia kwa mada ya kuondoa ukoloni. Naunga mkono kabisa. Mwaka 1968 Ngũgĩ wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walidai pale Nairobi kwamba Idara ya Kiingereza ivunjwe na fasihi ya Afrika ikae katikati, kwa hiyo hoja hii kwetu si ngeni.

Kinachoniuma ni namna kazi inavyofanyika. Anapunguzwa Mrusi, anaongezwa Muukraini au Mpolandi, na watu wanaona wamemaliza. Lugha isiyo na dola inaachwa nje. Kabla ya Vita vya Pili vya Dunia Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, kilikuwa na wasemaji wapatao milioni 11, na sehemu kubwa yao waliishi katika nchi hizohizo tunazodai kuzisoma upya. Belarusi ya Kisovieti, yaani ilipokuwa ndani ya Umoja wa Kisovieti uliotawaliwa kutoka Moscow, ilikifanya lugha rasmi sambamba na Kibelarusi, Kirusi na Kipolandi, hata nembo ya jamhuri ikabeba maandishi yake. Ukraini iliwatoa washairi wa Kiyidi Dovid Hofshteyn, Leyb Kvitko na Peretz Markish. Tarehe 12 Agosti 1952 wote watatu walipigwa risasi Moscow na serikali ya Kisovieti, pamoja na mshairi mwenzao Itsik Fefer na watu wengine tisa.

Halafu njoo kwenye tafsiri. Wasomaji wengi wa Kisovieti waliwajua washairi hawa kwa Kirusi tu. Anna Akhmatova, mshairi mkubwa asiyejua Kiyidi, alimfasiri Markish akiandaliwa kwanza maana ya neno kwa neno. Simlaumu, naye aliishi chini ya serikali hiyohiyo. Lakini mtu anayemchukua Markish au Kvitko leo kutoka Kirusi na kumpeleka Kiingereza anakuwa amekubali Moscow iendelee kusimama kati ya mshairi na msomaji, hata kama dibaji yake imejaa maneno ya ukombozi.

Msimamo wangu: idara inayojitangaza kuwa imeondoa ukoloni ifundishe Kiyidi, na mashairi yafasiriwe kutoka Kiyidi chenyewe.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Dada, heshima kwako, ila nakupinga kwenye wakati. Volodymyr Vakulenko alitekwa na kuuawa mwaka 2022 Warusi walipokuwa wameishika Izium. Victoria Amelina alifariki Julai 2023 kwa majeraha ya kombora lililopiga Kramatorsk. Waandishi wa Kiukraini wanakufa sasa hivi. Idara nyingi hazina hata mwalimu mmoja wa Kiukraini wa kudumu, nawe unataka fungu hilohilo dogo ligawanywe tena? Zaidi ya hapo, Kiyidi ni lugha ya jamii ya Kijerumani na kina pa kukaa katika masomo ya Kiyahudi. Na huyo Fefer alikuwa akipeleka habari za wenzake kwa polisi wa siri. Utamweka upande gani?

MLETA MADA

Kaka, vifo hivyo vinaniuma kama vinavyokuuma, na sitaki mwalimu wa Kiukraini apunguziwe hata saa moja. Fungu lililotoa viti vyote, yaani nafasi za ualimu, kwa Kirusi ndilo linalopaswa kukatwa.

Kuhusu ukoo wa lugha, tazama walichoandika. Hofshteyn alimfasiri Taras Shevchenko, mshairi wa taifa la Ukraini, kwa Kiyidi. Markish alitoa utenzi wake *Di kupe* mwaka 1921, akiwalilia Wayahudi waliochinjwa Horodyshche, mji mdogo wa Ukraini. Makumi ya maelfu ya Wayahudi waliuawa nchini humo katika miaka ile, na wauaji walikuwa wa majeshi tofauti, ya Kiukraini yakiwemo. Ukiupeleka utenzi huo idara ya jirani, mwanafunzi wa historia ya Ukraini anahitimu bila kuusikia. Hapo nani amefaidika?

Fefer alisaliti, ndiyo, na akatoa ushahidi dhidi ya wenzake. Kisha serikali ikamuua pamoja nao. Afundishwe hivyohivyo alivyokuwa.

MCHANGIAJI WA PILI

Mimi nina shaka na neno ukoloni hapa. Dola hiyohiyo ya Kisovieti ilifungua shule na magazeti ya Kiyidi miaka ya 1920. Mkoloni gani huyo?

MLETA MADA

Mkuu, ilifungua na ikafunga ilipotaka. Ilibadilisha hata tahajia, maneno yenye asili ya Kiebrania yakaandikwa kwa kufuata sauti ili yaachane na maandiko ya dini. Abraham Sutzkever, mshairi wa Kiyidi aliyenusurika geto la Vilnius, mtaa ambamo Wanazi waliwafungia Wayahudi, alipelekwa Nuremberg Februari 1946, kwenye kesi ya viongozi wa Kinazi, kutoa ushahidi kwa upande wa mashtaka wa Kisovieti. Alitaka kusema kwa Kiyidi, lugha ya waliouawa. Akalazimika kusema Kirusi. Kama una neno linalofaa kuliko ukoloni kwa jambo hilo, lilete, nitalitumia.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Kwenye tafsiri nimekubali: anayetaka kumfasiri Markish akajifunze Kiyidi kwanza. Kwenye ajira bado nasimama palepale. Nionyeshe chuo kilichopunguza kiti cha Kirusi kikampa mwalimu wa Kiyidi, bila kumgusa wa Kiukraini, ndipo tuendelee.