Bondia akipita miaka 35, akatazwe kushuka uzito? Watu watatu wa Lubumbashi, Kongo, wanabishana, kila mmoja kwa jina la mtaa wake: Katuba, Kenya na Kamalondo.

Wa Katuba: Mimi nasema akatazwe. Pale tunapofanyia mazoezi kuna mkubwa wetu wa miaka 37, maisha yake yote kapigana kilo 79. Sasa anataka 72. Juzi nimemkuta anaruka kamba juani ndani ya koti la plastiki, midomo imepasuka, anatema mate kwenye chupa ili gramu zipungue. Eti huko chini wapinzani ni wadogo. Wadogo ndiyo, na wana mbio!

Roy Jones, Machi 2003, alimnyang'anya John Ruiz mkanda wa uzito wa juu wa WBA, chama cha ngumi cha dunia, akiwa na kilo 88 hivi. Novemba akashuka hadi 79, akamshinda Antonio Tarver kwa pointi, kwa taabu. Mei 2004 Tarver huyohuyo akamlaza raundi ya pili. De La Hoya naye, Desemba 2008, miaka 35, alishuka hadi kilo 66 kumfuata Pacquiao aliyekuwa anapanda. Baada ya raundi ya nane hakuinuka kitini.

Wa Kenya: Yaya, umechagua waliopigwa tu. Hata kama De La Hoya angekuwa na kilo zake, Pacquiao yule angemshinda. Halafu kijana wa miaka 22 anayejikausha kilo nane kwa wiki, yeye umemruhusu? Hatari ni maji yanayomtoka mtu, si cheti cha kuzaliwa.

Wa Katuba: Kijana ataharibika pia, sikatai. Ila mwili wa mzee haurudi upesi baada ya mizani. Mwenye akili hupanda: Hopkins alipanda hadi kilo 79 akiwa na miaka 41, akampiga Tarver. Badou Jack alikuwa bingwa wa kilo 76. Akiwa na miaka 39 akapanda, akamsimamisha Mkongo wetu Makabu raundi ya 12, Februari 2023. Iliuma, lakini ndiyo hivyo.

Wa Kamalondo: Mnabishana umri bure. WBC, chama kingine cha ngumi cha dunia, humpima bondia siku 30 kabla ya pambano, asizidi kikomo kwa asilimia 10. Siku saba kabla, asilimia 5. Tuige hiyo kwa wote, mzee na kijana.

Wa Kenya: Hapo sawa. Lakini huku mtu huitwa Jumatano apigane Jumamosi, kwa kilo anazotaka promota. Hizo siku 30 zitaanza kuhesabiwa lini?