Kunguru, panya na kuku wa jirani kwenye lundo la mboji

Mkazi wa Kimara
Habari zenu, ndugu. Nyuma ya nyumba yangu hapa Dar es Salaam nina lundo la mboji la maganda ya ndizi, mabaki ya mchicha na majani ya mwembe. Tangu tuanze kutupia humo makombo ya ugali na vichwa vya dagaa, kunguru hawaondoki, kuku wa jirani wanalichakura hadi linatapakaa uani, na panya wamechimba mashimo ubavuni. Sumu siitaki, kwa kuwa tuna paka na watoto wadogo. Nifanyeje?

Bibi Shamba
Mwanangu, wageni hao umewaalika kwa dagaa. Samaki, nyama, mafuta na chakula kilichopikwa visiingie kabisa kwenye lundo la wazi. Vichwa hivyo mpe huyo paka. Hata maganda usiyaache juu, bali yafukie katikati, kisha funika kwa majani makavu au maranda yenye unene wa sentimita 15 hivi, ili harufu isitoke na kunguru asione kitu cha kudonoa. Panya naye hupenda mahali pakavu pasipoguswa, kwa hiyo geuza lundo kila wiki na ulimwagilie maji, lakini kwa kiasi: ukikamua konzi moja ya mboji, litoke tone moja au mawili tu.

Fundi Seremala
Nakubaliana na Bibi, ila kuku hawatazuiwa na maranda, watayachakura vilevile. Tengeneza sanduku la mbao lenye mfuniko wa bawaba na komeo. Wavu wa banda la kuku haumzuii panya, na plastiki huitafuna, hivyo tafuta wavu wa chuma wenye matundu ya robo inchi, uutandike chini na kuupandisha pande zote nne. Minyoo mingi itapenya bila shida. Sanduku lisiegemee ukuta, maana panya hupita kando ya kuta.

Afya Kwanza
Kabla ya kubomoa lundo la sasa, vaa glavu na buti, na watoto wakae mbali. Mkojo wa panya hueneza homa ya mgunda, ile iliyozuka Lindi mwaka 2022, na vimelea vyake huingia mwilini kupitia hata mchubuko mdogo.

Mkazi wa Kimara
Nashukuru sana. Dagaa nimesitisha tangu leo, na wavu nitautafuta Jumamosi. Je, mfuniko wa bati hautaunguza minyoo kwa jua hili?

Fundi Seremala
Weka sanduku chini ya huo mwembe.