Kikundi cha ukoo: Jumamosi usiku, Nzuguni

*Jumamosi*

Mama Danieli 23:38
Jamani nani yuko macho? Danieli kaletwa na wenzake kutoka kwenye sendofu Ipagala. Amelewa hajiwezi. Wamemtupa kitandani wakaondoka. Baba yake yuko safarini Singida.

Mjomba Meshaki 23:39
Dada, mwache alale. Asubuhi mpe supu ya kongoro, halafu ndiyo umkalishe chini umwonye.

Shangazi Esta 23:40
Wifi mmwagie maji ya baridi kichwani atazinduka. Au kahawa chungu.

Rehema 23:40
Shikamooni. Mama mdogo, usimmwagie maji na usimpe kitu chochote mdomoni. Nijibu kwanza: ukimwita kwa nguvu na kumfinya begani, anafungua macho?

Mama Danieli 23:41
Nimemfinya sana. Anaguna tu, macho hafungui. Shati limejaa matapishi.

Rehema 23:41
Amelala chali?

Mama Danieli 23:41
Ndiyo

Rehema 23:42
Mgeuze alale ubavu sasa hivi. Piga magoti pembeni yake. Mkono wake ulio upande wako unyooshe pembeni. Ule wa mbali uvushe kifuani, kiganja kiwe chini ya shavu. Kunja goti la mbali, ulivute kuja kwako, atageuka mwenyewe. Kichwa kirudishe nyuma kidogo, mdomo uelekee chini ili akitapika tena yatoke nje.

Rehema 23:42
Mtu aliyezidiwa na pombe hana nguvu ya kukohoa. Akiwa chali matapishi yanaingia kwenye mapafu.

Baba Mdogo Yona 23:43
Shemeji niko Nzuguni B hapa, navaa viatu. Gari lina mafuta.

Mama Danieli 23:45
Nimemgeuza. Neema amenisaidia

Rehema 23:45
Umefanya vizuri sana. Sasa angalia kifua kinavyopanda, hesabu pumzi dakika moja nzima kwa saa ya simu. Usikisie.

Mama Danieli 23:47
Saba. Katikati anakaa kimya mpaka naogopa. Na mikono ni ya baridi

Rehema 23:47
Anakwenda hospitali, Mama mdogo. Pumzi chini ya nane kwa dakika ni hatari. Hata akifika nane au zaidi, ule ukimya ukifika sekunde kumi ni hatari vilevile. Mwangalie midomo kwa ndani, ufizi na kucha. Kwa ngozi yetu rangi inajificha, lakini ndani ya mdomo utaona kama pamefifia au pana ukijivu.

Mama Danieli 23:48
Ufizi umepauka. Hapa nje kuna boda nimwite?

Rehema 23:48
Hapana, boda hapana. Mtu asiye na fahamu akipakiwa mshikaki kichwa kinadondoka mbele, njia ya hewa inaziba. Msubiri Baba mdogo. Mfunike blanketi. Pombe inafungua mishipa ya ngozi, joto lote linatoka, na upepo huu wa Julai unammalizia. Usimwache peke yake hata dakika moja. Pumzi zikisimama nipigie, usiandike.

Mjomba Meshaki 23:49
Rehema mwanangu, ni kweli imefikia huko? Sisi tumelewa miaka yote na tukalala.

Rehema 23:51
Mjomba, kwa heshima zote: aliyelala akifinywa anasukuma mkono wako, anatukana, anajigeuza. Danieli hafanyi hivyo. Na hiyo pombe haijaisha kazi. Iliyobaki tumboni inaendelea kuingia kwenye damu hata kama glasi ya mwisho aliinywa saa moja iliyopita, kwa hiyo anaweza kuwa anaenda chini zaidi wakati sisi tunadhani anapumzika. Vijana wengi hufia kitandani kwao kwa sababu hiyo, nyumba nzima inajua amelala.

Baba Mdogo Yona 23:53
Nimefika. Tunamlaza kiti cha nyuma, ubavu, shemeji kashika kichwa. Twende General?

Rehema 23:53
Ndiyo, dharura moja kwa moja. Neema abaki anawapigia wale vijana, tunataka kujua alikunywa nini, kiasi gani, na kama alianguka popote. Mlevi aliyegonga kichwa na mlevi wa kawaida wanafanana kabisa kwa macho.

Shangazi Esta 23:54
Hawatadai kwanza karatasi ya polisi? Au kumkamata?

Rehema 23:55
Shangazi, dharura inatibiwa kwanza. Wasifiche kitu. Kama kuna dawa alimeza au bangi alivuta, semeni. Daktari hatafuti wa kumfunga.

Neema 00:04
Dada Rehema nimempata mmoja. Anasema walishindana nani atamaliza chupa ndogo ya pombe kali kwa mkupuo. Danieli alimaliza mbili na hakuwa amekula tangu mchana. Hakuanguka.

Rehema 00:05
Mtumie Baba mdogo maneno hayohayo.

Baba Mdogo Yona 00:31
Wamempokea. Wamemwekea oksijeni, wamemtoboa kidole, sukari imeshuka sana. Dripu ya glukosi imeanza.

Shangazi Esta 00:32
Ee Mungu baba 🙏 Hatulali.

*Jumapili*

Mama Danieli 07:12
Amefungua macho. Ananiuliza yuko wapi. Daktari anasema wanamwangalia mpaka jioni.

Bibi 07:20
Mbukwenyi wanangu. Neema amenisomea yote. Mungu awabariki, na huyo aliyeacha usingizi akawasha gari.

Shangazi Esta 07:26
Rehema, mimi nimekua nikijua kahawa na maji baridi. Nieleze nielewe, maana hata kanisani nitaulizwa.

Rehema 07:41
Shangazi, pombe kwenye damu inaondolewa na ini, na ini lina mwendo wake, kama bia ndogo moja kwa saa. Kahawa hailiharakishi. Maziwa, mafuta ya kula, ndimu, vyote haviharakishi. Kahawa inamfanya mlevi aonekane macho, basi. Maji baridi yanamwongezea baridi mwilini, na anaweza kuzimia bafuni akavunjika. Kumtembeza ni kumtafutia kuanguka. Kumtia kidole kooni atapike ndiko kubaya zaidi, anapaliwa.
Na sukari: ini likishughulika na pombe linashindwa kutoa sukari kwenye damu, hasa kwa asiyekula. Hii ndiyo iliyokuwa inamshusha Danieli. Kwa watoto wadogo ni haraka mno. Mtoto akionja mabaki ya glasi za wageni asubuhi baada ya sherehe, mkimbizeni hospitali, msisubiri alewe ndipo muamini.

Rehema 07:43
Wale wenzake sitawasema vibaya, walimfikisha nyumbani. Ila nitaomba nikae nao. Walitakiwa kubaki naye na kumwambia Mama mdogo idadi ya chupa bila kuulizwa.

Mjomba Meshaki 08:02
Viroba vilipigwa marufuku Machi 2017 tukashangilia. Sasa pombe ileile iko kwenye vichupa vinavyoingia mfukoni.
Rehema, kuna jambo. Huku Kongwa kuna kijana wa jirani, juzi jioni walikunywa gongo iliyoletwa na mtu wasiyemjua. Jana alikuwa mzima, anafanya kazi. Leo anasema macho yana ukungu, tumbo linauma. Wenzake wanamwambia azimue.

Rehema 08:03
Mjomba asizimue. Asisubiri mchana. Hospitali sasa hivi.

Rehema 08:06
Hiyo inaweza kuwa methanoli, pombe ya viwandani ambayo watu wengine huchanganya kwenye gongo. Haina rangi, na kwa kunusa au kuonja huwezi kuijua. Mtu hulewa kidogo tu, anaamka mzima, halafu baada ya nusu siku au siku nzima ini linakuwa limeigeuza tindikali inayoshambulia mishipa ya macho. Ukungu wa macho ndiyo dalili yake kubwa. Ikichelewa ni upofu wa maisha au kifo. Dawa ipo lakini ni ya hospitali, inapimwa, na wengine huhitaji kusafishwa damu kwa mashine, kwa hiyo waambieni mapema kama itabidi wamlete Dodoma mjini.

Mjomba Meshaki 08:09
Anaona aibu, anasema watamcheka.

Rehema 08:10
Mwambie mimi nesi nimesema macho yake hayasubiri aibu. Anapumua vipi?

Mjomba Meshaki 08:14
Anahema kwa nguvu kama aliyekimbia. Nimempata mwenye Noah, anakuja.

Rehema 08:14
Huko kuhema ndiko ninakokuogopa. Bebeni chupa yenye mabaki, msiioshe. Waliokunywa naye ni wangapi?

Mjomba Meshaki 08:21
Watatu. Wawili nimewapandisha kwenye gari hata kama wanasema hawaumwi. Wa tatu yuko machungani na ng'ombe upande wa mlimani, nimemtuma mtoto na baiskeli. Mimi nabaki barabarani mpaka aje.