Hom thieta ya kwanza sebuleni: ya boksi, saundiba, au resiva na spika za kuchagua mwenyewe?

mkazi_iyumbu

Wakuu habari za jioni. Tumehamia kwetu Iyumbu, hapa Dodoma, rangi ya ndani bado haijapigwa. Sebule ni mita 4 kwa 5, chini vigae, juu jipsamu, na dirisha kubwa la aluminiamu upande mmoja. TV ya inchi 55 ipo. Nataka sauti ya kuzunguka, hasa ya filamu, na sijawahi kumiliki kitu cha namna hii. Bajeti ni milioni moja na laki tano, naweza kuongeza taratibu.

Mjini nimeoneshwa njia tatu: hom thieta ya boksi yenye spika tano na sabufa, saundiba (spika moja ndefu ya kukaa chini ya TV) yenye sabufa isiyo na waya, na resiva (amplifaya inayopokea sauti na kuigawa kwa kila spika) ya mtumba ambayo spika zake natafuta mwenyewe. Muuzaji wa boksi anasema lake lina wati 1000 na ile resiva ina wati 70 tu kwa kila spika, kwa hiyo hakuna cha kujadili. Naomba tujadili.

fundi_wa_majengo

Hongera kwa nyumba, mkuu. Hizo wati zisikusumbue. Elfu moja ya boksi ni jumla ya spika zote na sabufa, na mara nyingi hupimwa sauti ikiwa imeshaanza kukwaruza. Ukiona PMPO (wati za kilele cha muda mfupi sana) kwenye boksi lolote, ipite. Tazama RMS, yaani wati inazoweza kutoa mfululizo. Hata ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu za ziada, ongezeko dogo kwa sikio. Wati 70 za kweli kwenye sebule ya mita 4 kwa 5 zitawaamsha majirani kabla hujafika nusu.

Shida ya boksi iko kwingine. Amplifaya, kisoma diski na mipangilio yote vimekaa kwenye chombo kimoja, na plagi za spika nyingi ni za kampuni yenyewe. Kikifa chombo, spika zinabaki pambo. Wengine huzihamishia kwenye resiva, lakini nyingi ni za ohm 3 au 4 (ohm ni ukinzani wa spika; ukiwa mdogo, resiva inabeba mzigo zaidi), na resiva nyingi zinataka 6 hadi 8. Inachemka, inajizima, mwisho inaungua.

Mimi nashauri resiva. Utaanza na spika chache nzuri na kuongeza kadiri mfuko unavyoruhusu, bila kutupa ulichonunua jana.

mama_ilazo

Kaka, mimi niko Ilazo nyumba ya kupanga, na naitetea saundiba. Mwenye nyumba hataki ukuta utobolewe, na wanangu wanavuta kila waya wanaouona. Nimechomeka waya mmoja wa HDMI kwenye tundu la TV lililoandikwa ARC, yaani linalotoa sauti ya TV kwenda nje, nimemaliza. Remoti ya TV ndiyo inayopandisha sauti. Mazungumzo yanasikika vizuri sana kuliko spika za TV, na kuna mpangilio wa usiku unaopunguza milipuko watoto wakiwa wamelala.

Lakini sauti ya kutoka nyuma hakuna. Saundiba kama yangu hurusha sauti igonge kuta ndipo irudi kwako, na sebule yangu imeungana na sehemu ya kulia chakula, upande mmoja hauna ukuta. Ukiifuata njia hii, tafuta inayokuja na spika zake za nyuma.

kijana_nkuhungu

Kwani sabufa za kawaida hizi za madukani, zenye spika ndogo tano, hazitoshi? Bei yake ni robo ya bajeti ya huyu kaka.

fundi_wa_majengo

Kwa muziki na sherehe zinatosha, mdogo wangu. Kwa filamu, geuza nyuma uangalie matundu. Ukikuta nyekundu na nyeupe tu, hiyo inapokea stireo (njia mbili tu, kushoto na kulia) na kugawa sauti ileile kwenye spika zote tano. Sauti ya kuzunguka ni njia sita tofauti: mbele kushoto, mbele kulia, kati, nyuma mbili, na ya besi peke yake, ndiyo ile "nukta moja" kwenye 5.1. Chombo lazima kifahamu Dolby Digital au DTS (mifumo ya kufungasha njia hizo za sauti kwenye filamu) na kiwe na HDMI ARC au tundu la optiko. Hata king'amuzi kikitoa stireo, utapata stireo hiyohiyo imesambazwa.

dereva_manyoni

Mtumba wa resiva una jambo moja la hatari. Soma kibandiko cha nyuma KABLA ya kuchomeka. Za Japani ni volti 100, za Marekani ni 120, na umeme wetu ni 230. Ukichomeka moja kwa moja unanusa moshi papo hapo. Nyingine zina swichi ya volti nyuma, zisizo nayo zinadai transfoma, na transfoma yenye nguvu ya kutosha ni gharama nyingine. Uliza pia kama maikrofoni yake ndogo ya kupimia chumba ipo. Isipokuwepo si mwisho, utapima umbali wa kila spika kwa futi na kuujaza mwenyewe kwenye menyu.

mkazi_iyumbu

Nashukuru wote. Dada Ilazo, ningekuwa napanga ningekufuata wewe. Kwa kuwa ukuta ni wangu, naelekea kwenye resiva. Ila pesa haitoshi kununua spika zote tano nzuri na sabufa kwa mkupuo. Nianze na zipi? Na resiva ya zamani itapitisha picha ya 4K?

fundi_wa_majengo

Picha usiipitishe humo. Vyombo vyote chomeka kwenye TV, halafu TV ipeleke sauti tu kwenye resiva kwa ARC. ARC ilikuja na HDMI 1.4 mwaka 2009, kwa hiyo resiva ya kabla ya hapo iache.

Anza na tatu za mbele na sabufa. Usibane pesa kwenye spika ya kati, ndiyo inayobeba karibu maneno yote ya filamu. Watu wengi wanaolalamika kwamba milipuko inasikika na maneno hayasikiki, tatizo lao liko hapo. Iweke chini ya TV ielekee masikio, isizame ndani ya kabati. Ya kushoto na ya kulia ziachane karibu sawa na umbali wako wa kukaa: ukikaa mita 2.5, ziachane mita 2.5. Sabufa usiitupe tu kwenye kona. Iweke kwa muda pale unapokaa, piga wimbo wenye besi, kisha zunguka chumba umeinama. Mahali besi inaposikika safi bila kuvuma, hapo ndipo pake.

Kwenye hiyo sebule yako, zulia nene na mapazia mazito vina kazi kubwa kuliko spika ya nne na ya tano. Piga makofi katikati ya chumba kitupu, utasikia sauti inavyorukaruka kati ya vigae na jipsamu. Halafu vumbi la kiangazi cha Dodoma unalijua. Resiva isifunikwe kitambaa, iache ipumue juu, na ipulizwe mara kwa mara.

mama_ilazo

Kwa kuwa rangi bado, pitisha nyaya za nyuma sasa, kaka. Mimi ningekuwa na nafasi hiyo nisingeiacha.

fundi_wa_majengo

Naam. Zika bomba ukutani kutoka nyuma ya TV hadi pembeni ya kochi, kulia na kushoto, nyuma kidogo ya masikio, juu ya kichwa cha mtu aliyekaa kwa kama sentimita 60. Waya wa spika wa milimita 1.5 za mraba unatosha kwa umbali huo. Usiuchanganye na waya wa umeme kwenye bomba moja, na uache mita moja ya ziada kila mwisho.