UPS inazima stima ikipotea tu: ni betri au chaja?

fotokopi_langoni
Assalamu alaykum mafundi. Nina UPS (kisanduku cha betri cha kushikilia kompyuta stima ikipotea) ya VA 650, yaani kipimo cha nguvu yake, dukani, hapa Langoni, Lamu. Taa yaonyesha betri imejaa, lakini stima ikipotea inalia mara moja na kuzima. Betri ya ndani ni volti 12, Ah 7 (ampea-saa, kiasi cha umeme inachoweka), ina miezi 14. Ninunue nyingine?

fundi_shela
Wa alaykum salaam. Usinunue kabla hujapima. Zima UPS, chomoa plagi ukutani, toa betri, iache itulie kwa saa 3, ndipo uweke mita ya volti. Nzima iliyojaa husoma kama 12.8. Lakini volti bila mzigo, yaani bila kitu kinachovuta umeme, hudanganya. Betri iliyochoka nayo yaweza kusoma 12.6. Ifunge globu ya taa ya gari ya wati 55, utazame mita huku inawaka. Nzima hushuka hadi 12 hivi, ikakaa juu ya 11.5 kwa dakika 10. Ikiporomoka chini ya 10.5 dakika ya kwanza, hiyo imekwisha.

Tazama na ncha zake. Hewa ya chumvi huku kwetu huotesha unga wa kijani kwenye klipu. Paruza kwa msasa, bana klipu kwa koleo hadi ikaze, kisha paka vaselini.

mzee_wa_betri
Miezi 14 ni mapema mno, kwa hivyo tafuta kilichoiua, la sivyo mpya itafuata njia hiyo hiyo. Rudisha betri, chomeka UPS ukutani, washa, ikishajaa pima kwenye ncha zake: chaja itoe 13.5 hadi 13.8. Ikifika 14.5 inaichemsha, betri huvimba ubavuni na kunuka yai viza. Usiguse ncha kwa mkono UPS ikiwa imechomekwa, maana katika UPS nyingi ndogo waya za betri zimeungana na umeme wa ukutani.

Na mashine ya fotokopi umeichomeka wapi? Ikipasha joto huvuta wati nyingi kuliko UPS hiyo iwezavyo, hata betri ikiwa mpya.

fotokopi_langoni
Globu imeishusha hadi 9.4 kabla ya nusu dakika. Chaja 13.6. Fotokopi ilikuwa kwenye UPS kweli, nimeihamishia ukutani.

fundi_shela
Basi nunua, ndugu yangu. Nenda na mita dukani: ikisoma chini ya 12.5 imelala rafuni muda mrefu, iache. Pima na upana wa ncha, ziko za milimita 4.8 na za 6.3. Ukishaifunga, ichaji kwa saa 8 kabla ya kuitwika kompyuta.